Hajaliwa Bado

Tafakari ya wiki
Masomo: Hesabu 11:4–6, Amosi 5:18–20, 2 Wakorintho 4:7–9 na 11:30–33



Mtu yuko juu ya mti. Mti wenyewe umeinamia mto. Chini yake, upande wa nchi kavu, simba ametulia. Upande wa maji, mamba amepanua kinywa. Na kwenye tawi lile lile alilolikumbatia, nyoka anateremka taratibu, hana haraka, maana anajua mtu huyu hana pa kwenda. Hiyo ndiyo picha nzima. Wengi tuliokulia kando ya Ziwa Tanganyika tumeiona ukutani, sebuleni kwa watu, kwa kinyozi au hotelini. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, picha ya namna hii ina jina lake: Inakale. Wachoraji wengi wameichora, kila mmoja kwa mkono wake, na mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza nani alianza.

Siku hizi picha kama hizi zimerudi kwa njia ya simu. Mtu anapiga picha ukuta wa bibi yake, anaituma kwenye kundi la ukoo, na chini yake vinafuata vicheko na maneno ya "zamani bwana!" Sina ugomvi na jambo hilo. Ila naona tunaicheka haraka na kuipita haraka, ilhali ilichorwa ili mtu akae nayo. Wiki hii naomba tukae nayo.

Iliyo karibu nami zaidi ni ya mzee mmoja wa kanisa hapa usharikani. Ililetwa kwa boti kutoka Kalemie enzi za Zaire. Haikuchorwa kwenye turubai la dukani bali kwenye kitambaa cha mfuko wa unga, na ukiigeuza nyuma bado unaziona herufi za kiwanda, zimefifia. Mbele rangi imeanza kupasuka pembeni, lakini yule mtu bado yuko wazi kabisa. Amevaa kaptula ya kaki na shati jeupe, na kwenye mfuko wa shati amechomeka kalamu mbili. Ndiyo, kalamu. Mchoraji huyu hakutuwekea mwindaji wala mkata kuni, ametuwekea karani. Kiatu kimoja kimeshamtoka, kinaelea karibu na pua ya mamba, na mamba hakijali. Anasubiri mguu uliokuwa ndani yake. Simba hangurumi. Amekaa, miguu ya mbele ameikunja, na macho yake hayamwelekei mtu aliye juu. Anatutazama sisi.

Siku moja tukinywa chai nyumbani kwa yule mzee, mjukuu wake, mtoto wa chekechea, aliuliza: "Babu, huyu mtu aliliwa?"

"Hajaliwa."

"Ataliwa lini?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, picha hii niliinunua kabla mama yako hajazaliwa. Simba yupo, mamba yupo, nyoka yupo. Na yeye yupo. Kama ni kuliwa, hao wamechelewa."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya tumaini, na mengine nimeyahubiri mwenyewe. Machache yamenikaa moyoni kama jibu lile.

Picha ya kukumbusha

Tuanze na kazi ya picha zenyewe. Katika miji ya migodi ya Katanga, mkoa ulioitwa Shaba enzi za Mobutu, miaka ya 1970 walikuwapo wachoraji wengi waliowachorea majirani zao: mfanyakazi wa mgodini, mwalimu, mwenye duka. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha chuo kikuu pale Lubumbashi katika miaka hiyo, aliwasikiliza wachoraji na wanunuzi wakizungumza kwa Kiswahili cha kule. Akakuta kwamba picha walizozithamini ni zile zenye ukumbusho. Rangi nzuri zilikuwa na nafasi yake, lakini swali lililotangulia lilikuwa hili: picha hii inakumbusha nini? Mgeni anakaribishwa, anaketi, anainua macho ukutani, na mazungumzo yanaanza. Picha ambayo haikuanzisha mazungumzo ilikuwa haijafanya kazi yake.

Kwenye kuta hizo alikuwapo Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, mzuri wa sura, anayegawa utajiri kwa masharti ambayo mwisho wake ni majuto. Ilikuwapo pia ile iliyoitwa Colonie Belge. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 mjini Lubumbashi, ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, aliichora mara nyingi. Ndiye aliyechora baadaye historia ya nchi yake katika mfululizo wa picha 101, uliochapishwa kitabuni mwaka 1996, na alipenda ajulikane kuwa ni mwanahistoria. Katika Colonie Belge mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika mwenzake anamchapa viboko, na afisa Mzungu amesimama kando akisimamia. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu yao. Watu walitoa fedha zao, wakainunua picha ya viboko, wakaitundika mahali wanapokaribishia wageni.

Jiulize kwa nini. Hawakuwa wakifurahia viboko. Walitaka watoto wao wajue walikotoka, na walitaka wajue ukweli wote. Hapo ndipo picha hizi zinapotufundisha namna ya kukumbuka. Kumbukumbu yetu ya zamani mara nyingi imetiwa sukari. Tunasema zamani watu walipendana, zamani chakula kilikuwa na ladha, zamani mvua ilinyesha kwa wakati. Biblia inaujua ugonjwa huu, na inausimulia kwa utani. Katika Hesabu sura ya 11 wana wa Israeli wako jangwani, wametoka utumwani si muda mrefu, na wanalia. Wanalilia nini? Samaki, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Na wanaongeza kwamba samaki wale wa Misri waliwala bure! Bure, wapendwa. Matofali waliyofyatua kwa kupigwa wameyasahau, watoto waliotupwa mtoni wamewasahau, wamebaki na harufu ya kitunguu saumu. Mwandishi hawakaripii papo hapo. Anaorodhesha mboga moja moja na kuliacha neno "bure" lifanye kazi yake.

Kwa hiyo unapoitazama picha ya ukuta wa bibi yako na moyo ukasema "zamani bwana", usiishie kwenye vitambaa vya kufuma na redio ya mbao. Uliza pia bibi alikuwa akimkimbia simba gani alipoitundika.

Kicheko kinatoka wapi

Picha hii inachekesha, hilo halina ubishi. Lakini mtu anakaribia kufa, na sisi tunacheka. Je, tuna roho mbaya?

Kinachotuchekesha kwanza ni mpangilio. Mtu amemkimbia simba, akaona mti, akamshukuru Mungu. Ule mti ndio uliompeleka kwa nyoka, na ungemwangusha kwa mamba. Kila mlango wa wokovu umefunguka kwenye chumba cha hatari nyingine. Wahenga wana methali inayolingana na hali hii barabara, ile ya mtu aliyeruka kitu kimoja akakanyaga kingine, lakini si ya kuandikwa kwenye tafakari ya kanisa, nyote mnaijua. Ipo nyingine tunayoweza kuitaja bila aibu: aliye juu mngoje chini. Simba na mamba wanaonekana wameisikia methali hiyo na wanaifuata neno kwa neno.

Kisha kuna zile kalamu. Hapo mchoraji ametutania sisi tuliosoma. Karani wa enzi zile alikuwa mtu wa heshima. Aliandika barua za watu, alijua sheria, aliitwa bwana. Mnyama hajui hati nzuri. Kalamu mbili mfukoni juu ya mti ni elimu iliyokutana na jambo ambalo halikuwa kwenye mtihani. Wapo kati yetu wenye shahada, vyeo na namba za wakubwa kwenye simu, ambao usiku mmoja tu, mtoto akiugua au kazi ikisimama, wamejikuta na kalamu zao juu ya tawi.

Na tatu ni macho ya simba. Yanatutazama sisi tuliokaa kwenye kochi na vikombe vya chai. Tulidhani tuko salama nje ya fremu.

Nabii Amosi aliufahamu utani wa namna hii. Alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, mtu wa miti na wanyama, aliyetumwa kwenda kuhubiri katika ufalme wa kaskazini miaka kama 750 kabla ya Kristo, wakati biashara imestawi na matajiri wana nyumba za kukaa wakati wa baridi na nyingine za kukaa wakati wa hari. Waumini wa huko waliingoja siku ya Bwana kwa hamu. Walijua siku hiyo Mungu atawashughulikia wabaya, na wabaya, kwa hesabu zao, walikuwa watu wengine. Amosi akawasimulia kisa: mtu amemkimbia simba, akakutana na dubu. Akamponyoka dubu, akafika nyumbani, akaegemeza mkono ukutani apumue, na nyoka akamwuma palepale. Nawaona wasikilizaji wakicheka. Ni kichekesho kizuri, kina wanyama watatu na mwisho usiotarajiwa. Halafu Amosi anawaambia kwamba ndivyo siku ya Bwana itakavyokuwa kwao. Kwa sura nzima ameeleza sababu: wanamkanyaga maskini, wanamtoza ngano, wanapokea rushwa, wanawapotosha wahitaji langoni penye hukumu. Aliyecheka amejikuta yeye ndiye mtu wa kwenye kisa.

Huo ndio utani wa manabii. Unaanza kwa jirani na kuishia kwako. Basi, tunapomcheka mtu wa juu ya mti hatufanyi dhambi, mradi kicheko kisikawie sana kugeuka na kutuelekea wenyewe. Mtu anayeweza kujicheka ameanza kutubu, kwa sababu ameacha kujitetea.

Kila mtu na simba wake

Wanyama watatu hawa wanamaanisha nini? Nimewahi kuuliza swali hili kwenye ibada ya nyumba kwa nyumba, picha ikiwa ukutani juu yetu, na hakuna aliyekosa jibu.

Mama mmoja anayeuza dagaa alisema bila kufikiri mara mbili: "Mchungaji, simba ni mkopo wa kausha damu. Mamba ni ushuru. Na nyoka ni shemeji yangu anayekitaka kiwanja." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na sina hakika yote yalikuwa machozi ya kicheko. Mvuvi mmoja akasema kwake mamba ni ziwa lenyewe likichafuka, simba ni njaa ya nyumbani, na nyoka ni mshirika wake wa mtumbwi anayeuza nyavu kwa siri. Mwalimu mstaafu akasema simba ni maradhi ya uzeeni, mamba ni pensheni inayocheleweshwa, na nyoka ni mwanawe wa kwanza. Hapo hatukucheka.

Nimeona jambo katika majibu hayo. Simba na mamba hubadilika kwa kila mtu: deni, serikali, ugonjwa, njaa. Nyoka karibu kila mara ni ndugu au rafiki. Mchoraji alijua alichofanya alipomweka juu ya mti, kwenye tawi lile lile. Simba yuko mbali kidogo, mamba yuko mbali kidogo, nyoka anashiriki nawe mahali ulipopashikilia. Mtunga Zaburi ya 55 analia kwa uchungu huo: angekuwa adui angevumilia, lakini ni mwenzake, waliyekwenda naye pamoja nyumbani mwa Mungu. Naye Bwana wetu hakusalitiwa na Pilato. Alisalitiwa na mtu waliyechovya naye mkate bakuli moja.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya picha hii wiki hii, usiharakishe kuhesabu simba wako. Uliza swali gumu zaidi: juu ya mti wa nani, wewe ndiye nyoka? Nani angekutaja wewe kwa jina kama mama yule alivyomtaja shemeji yake?

Asali

Iko hadithi ya kale inayokaribiana sana na picha yetu. Imo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia katika Kiarabu Ibn al-Muqaffa karne ya 8, na Wakristo wa zamani waliisimulia katika kisa cha watakatifu Barlaam na Josaphat, kisa ambacho asili yake ni maisha ya Buddha huko India. Mtu anafukuzwa na mnyama mkubwa, anatumbukia shimoni na kunasa kwenye mti. Chini kuna joka. Panya wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, yaani mchana na usiku, wanauguguna mti ule bila kupumzika. Mtu anainua macho, anaona asali inadondoka kutoka juu. Anatoa ulimi, analamba, na anasahau yote. Katika mji wa Parma, Italia, kwenye jengo la ubatizo lililoanza kujengwa mwaka 1196 na Benedetto Antelami, kisa hicho kimechongwa kwenye jiwe juu ya mlango: mtu yuko mtini, ameshughulika na asali, na joka linamngoja chini.

Kwa waliosimulia kisa hicho, asali ni anasa za dunia. Katika picha ya mzee wetu hakuna asali. Lakini nadhani tumeitia sisi wenyewe tangu tulipoanza kutumiana picha hizi kwenye simu. Kicheko nacho kinaweza kuwa asali. Mtu ana deni linalomkosesha usingizi, anafungua simu, anacheka video moja, ya pili, ya ishirini, na panya wanaendelea na kazi yao. Kesho yake hajampigia anayemdai, hajazungumza na mkewe, hajaenda hospitali. Amelamba tu.

Kuna kicheko kinachosahaulisha na kuna kicheko kinachokumbusha. Cha kwanza kinakuacha ulipo. Cha pili, kama kile cha mama wa dagaa, kinakufungua mdomo utaje mbele za watu jambo ulilokuwa umelificha. Ibada ile haikuisha kabla wanawake wawili wa kikundi chake hawajamwambia: "Dada, huo mkopo kwa nini hukutuambia?"

Kapu la Dameski

Sasa Paulo. Katika 2 Wakorintho sura ya 4 anaeleza maisha ya mtume kwa namna inayokaribia sana picha yetu: wanabanwa kila upande lakini hawasongwi, wanaona shaka lakini hawakati tamaa, wanaangushwa lakini hawaangamizwi. Ni mtu wa juu ya mti akisema kwa maneno mengine, hajaliwa bado. Na hasemi kwamba ni kwa sababu yeye ni hodari wa kupanda. Anasema hazina imo katika vyombo vya udongo, ili nguvu ijulikane kuwa ni ya Mungu.

Utani wake uko mbele, sura ya 11. Kanisa la Korintho limevamiwa na wahubiri wanaojisifu: ukoo wao, ufasaha wao, mafanikio yao. Paulo anasema haya, na mimi nijisifu kipumbavu. Anaorodhesha viboko vya Wayahudi mara tano, fimbo mara tatu, kupigwa mawe mara moja, kuvunjikiwa na jahazi mara tatu, hatari za mito, za wanyang'anyi, za jangwani, na mwishoni kabisa hatari za ndugu wa uongo. Nyoka yumo kwenye orodha yake pia. Unangoja kilele cha sifa hizo, na anakuletea hiki: kule Dameski liwali wa mfalme Areta aliulinda mji ili anikamate, nami nikateremshwa ndani ya kapu kupitia dirisha la ukutani, nikaponyoka.

Msikilizaji wa Korintho, mji uliokuwa koloni la Rumi, alijua kwamba askari wa Kirumi aliyekuwa wa kwanza kuupanda ukuta wa adui alivikwa taji la dhahabu lililofanywa mfano wa ukuta wa ngome. Taji hilo lilikuwa heshima kubwa. Paulo anatoa ushuhuda wake wa ukutani: yeye aliushuka, usiku, akikimbia, amejikunja ndani ya kapu. Mtume wa mataifa, mwanafunzi wa Gamalieli, na kalamu zake zote, ananing'inia kwenye kamba! Anataka wacheke. Anajua kwamba mtu akicheka hapo hataweza tena kuwasujudia wahubiri wenye majivuno.

Ila angalia kamba. Kapu halijishushi. Matendo ya Mitume sura ya 9 inatuambia ni wanafunzi waliomchukua usiku wakamteremsha. Hawakutajwa majina. Walikuwa na mikono, kamba na kapu, na walikuwa na siri waliyoitunza mpaka asubuhi. Waraka kwa Warumi, nyaraka kwa Wakorintho, makanisa ya Galatia na Filipi, yote yalipita kwanza mikononi mwao, yakitelemka ukuta inchi kwa inchi.

Hapo ndipo nilipokiona kile ambacho picha yetu haina. Ina mtu mmoja, wanyama watatu, mti na mto. Haina mtu wa pili. Hakuna mwenye mtumbwi, hakuna wanakijiji na marungu yao, hakuna hata mtu wa kupiga yowe. Zamani nilidhani mchoraji alikosa nafasi kwenye kitambaa. Sasa naona amewaacha makusudi, kwa sababu watu hao hakuwa na haja ya kuwachora. Alijua picha itatundikwa sebuleni, na kwamba mbele yake watakaa watu. Ukumbusho ndiyo kazi yake: anayeitazama akumbuke ni nani aliye juu ya mti, ainuke.

Ndiyo maana jibu la mzee kwa mjukuu wake lina kweli zaidi ya utani wake. Wanyama wamechelewa. Lakini katika maisha halisi, wanyama huchelewa kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu hiyo ina jina la mtu aliyefika kwanza. Ukitazama nyuma, ile miezi ambayo kwa hesabu zako ulipaswa kuwa umekwisha, utamkuta mtu aliyekukopesha bila riba, daktari aliyekaa zamu ya ziada, jirani aliyewalisha watoto, bibi aliyefunga na kuomba bila kukuambia. Mungu amekuokoa kwa mikono yao, na wengi wao hawajui hata leo walishika kamba gani.

Kwa wiki hii

Nawapa kazi tatu ndogo.

Kwanza, familia ikae pamoja jioni moja mbele ya picha yoyote ya zamani mliyo nayo nyumbani, ya kuchorwa au ya kamera, na mkubwa kuliko wote asimulie kilichokuwa kikitokea ilipopatikana. Watoto waulize. Msiikate sehemu chungu. Kama kulikuwa na njaa mwaka ule, semeni njaa.

Pili, kila mmoja ataje mbele ya mtu mmoja anayemwamini jina la simba wake. Mtu mmoja anatosha. Deni lililofichwa, ugonjwa uliofichwa, ugomvi uliofichwa, vyote hunenepa gizani. Ukiweza kulitaja huku ukitabasamu, ni vema zaidi, lakini litaje.

Tatu, mfikirie mtu mmoja unayemjua ambaye wiki hii amebanwa pande zote, na ujiulize ni kamba gani iliyo mikononi mwako. Huenda ni nauli ya kwenda hospitali ya mkoa. Huenda ni kwenda naye ofisini anakoogopa kwenda peke yake. Huenda ni kukiacha kile kiwanja cha shemeji. Usimhubirie kwanza. Paulo hakuhitaji mahubiri usiku ule, alihitaji kapu lisilo na tundu.

Tuombe.

Ee Mungu uliyeahidi kutotuacha, tunakushukuru kwa ajili ya siku zote ambazo tulipaswa kuwa tumekwisha na hatukwisha. Utupe kujicheka bila kujidharau, na kukumbuka bila kudanganya. Utusamehe tulipokuwa hatari kwenye tawi la wenzetu, na utuonyeshe namna ya kuondoka hapo na kurudisha tulichochukua. Wakumbuke wenye madeni, wagonjwa, wanaodai haki zao na wasizipate, na wote wanaoogopa watu wa nyumbani mwao. Utufanye watu wenye mikono imara na midomo inayotunza siri, tusichoke kabla ya kapu kufika chini. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu.

Amina.